Mfuko wa Kushoto wa Mulwa

Mulwa, fundi wa televisheni wa mtaa wetu wa mabanda wa Kianda, alifanya kazi kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikaa mfukoni. Mimi, Risper, jirani yake ukuta kwa ukuta, nilikuwa na jibu langu: Mkamba wa Kitui huyo, na kwao uchawi ndiko nyumbani, ana hirizi humo. Nililisema kwenye foleni ya maji, foleni nzima ikacheka. Nina mdomo, sikatai.

Januari 2008, wiki ya kwanza ya fujo za uchaguzi, nilikuwa nikikimbia gesi ya machozi bati likanipasua mguu. Baada ya siku chache kidonda kilinuka, uvimbe ukafika gotini. Zahanati ilikuwa imefungwa na barabara ya Olympic imezibwa kwa matairi yanayowaka. Aliyenigongea mlango ni Mulwa.

“Risper, hiyo mguu itaenda. Kuja nikujaribie kitu.”

Aliwahi kumsukia mwalimu mmoja wa chuo koili, zile nyaya za shaba zilizozungushwa, akaiona mashine yake ya kuulia vijidudu, akaunda ya kwake: betri ya gari, koili ya televisheni, bomba la kioo, na mtungi wa gesi ya kujazia baluni kutoka Kawangware. Alifunga mlango, mchana kweupe. Kitu kikalia ziii, na kwenye ncha ya bomba ukatoka ulimi wa zambarau, mwembamba kama sindano. Niliposogeza mguu, ulimi ulijipinda wenyewe ukaufuata. Ukanilamba kidonda. Ulikuwa baridi. Chumba kikanuka kama hewa baada ya radi.

“Si moto,” alisema. “Ni hewa imevunjwa. Oksijeni inageuka ozoni na gesi zingine kali. Zinazaliwa, zinaua vijidudu, zinaisha kabla upepese macho.”

Mimi nilichosikia ni vitu vinavyozaliwa na kufa ndani ya mguu wangu. Niliogopa vibaya. Hata hivyo nilirudi kila jioni, na siku ya nane nilikanyaga chini.

“Na kwa mfuko kuna nini?” nikamuuliza.

“Hakuna kitu. Stima kali ya televisheni unashika na mkono moja, ingine unaficha. Ukishika na mbili inapitia kwa moyo.”

Kesho yake vijana wa mtaa walikuja mlangoni kwake. Walikuwa wameona mwanga wa zambarau kwenye nyufa za mabati, na habari za hirizi walishazisikia kwenye foleni ya maji.

“Toa mkono,” wakamwambia Mulwa.

Akautoa. Akaugeuza mfuko nje, mtupu. Wote wakarudi nyuma hatua moja. Mfuko mtupu uliwatisha kuliko hirizi.

“Ameituma,” mmoja akasema polepole. “Sasa iko kwa nani?”

Mulwa akanitazama. Ningeuonyesha mguu uliopona, nikaeleza. Lakini niliogopa wangesema iko kwangu. Nikaishusha leso niliyojifunga kiunoni hadi chini, nikafunika kidonda.

Walimfukuza na nguo alizovaa. Alishuka kwa njia ya reli, mkono wa kushoto mfukoni, wala hakugeuka.

Mguu ni mzima. Radi ikipiga na hewa ikinuka vile, kovu linapata baridi, nami naona haya peke yangu chumbani. Maji bado nateka kwenye foleni ile ile, na miguu yote miwili inanifikisha.