Nyumba Ambayo Hatukutaka Iishe

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nashona nguo mtaani Bwiza. Mwenye chumba chetu alipopandisha kodi, tulizunguka na komisioneri, yule mtu wa kuonyesha nyumba, mpaka miguu ikavimba. Jamani! Kila nyumba yenye choo cha maana ilitaka mshahara mzima wa mwalimu, kabla hatujanunua hata maharagwe.

Siku ya tatu komisioneri alituchoka. Akatupeleka Gasenyi, pembeni mwa mji, kwenye nyumba ambayo haijaisha: kuta zipo, bati lipo, madirisha ni matundu tu. Patroni, yaani mwenye nyumba, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa akijenga pole pole, kadiri pesa inavyopatikana. Alitaka watu wakae mle walinde saruji na mbao. Kodi hakuna. Ila siku nyumba ikiisha, tunatoka.

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia komisioneri. Nikatundika vitambaa kwenye madirisha, nikaweka mbabula, jiko langu la mkaa, katikati ya saloni, pale sebuleni, nikakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, kama mwenye nyumba. Saruji ilipoadimika mjini, watu walilalamika, na mimi nikalalamika nao, huku moyoni nikishukuru. Mungu anisamehe.

Shida ni mdomo wangu. Kazi mbovu siwezi kuitazama nikanyamaza. Asubuhi moja nilimkuta fundi anajenga ukuta wa jikoni umepinda, hata kipofu angeugundua kwa kuupapasa. Nikamwambia.

"Mama, we ni zamu tu," akanijibu. "We linda, mambo ya ukuta utuachie."

Mimi zamu tu, mlinzi wa mifuko ya saruji! Nikampigia patroni simu pale pale. Kesho yake yule fundi akaondolewa, akaletwa mwingine, hodari kupita kiasi.

Mume wangu alishika kichwa. "We mwanamke, si umetuletea mtu wa kututoa?"

Alisema kweli. Milango ikaja, vioo vikaja, rangi ikaja. Karo, vile vigae vya sakafuni, zilipowekwa saloni nikautoa mbabula nje. Siku hiyo nilipiga deki huku nalia, maana nyumba ilikuwa nzuri na haikuwa yangu, na mshahara wa mwalimu ulikuwa ule ule.

Jumapili moja, kutoka kanisani, patroni alifika. Akapita chumba kwa chumba, akapapasa ukuta wa jikoni, akatabasamu.

"Imeisha," akasema. "Mutatoka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, patroni," nikajibu.

Akafika mlangoni, akageuka. "Nina kiwanja kingine kule juu. Nyumba imeshaanza. Mafundi wananiibia saruji. Nataka mutu mwenye mudomo."

Nilikimbia, viatu mkononi, nikamkuta mume wangu anasahihisha madaftari chini ya bati la jirani. Nikamweleza bila kupumua.

"Ina bati?" akauliza.

"Ina."

"Na milango?"

"Bado."

Akafunga daftari. "Basi twende upesi, kabla hawajaiweka. Na safari hii, mke wangu, nakuomba sana: ukuta ukipinda, uache upinde."

Nikamwahidi, tena kwa kiapo.

Leo tuna wiki ya tatu huku, na fundi tayari hanisalimii.