Mtoto wa Watu

Bi Stara wa Makole, uzeeni mwake, aliitwa katika kila nyumba yenye mzazi. Hakuwa mkunga. Kazi yake ilianza pale mkunga anaponawa mikono na kwenda zake: kumkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto, kumfunga mkaja, kumkorogea uji wa uwele wenye pilipili manga, kumwogesha mtoto na kumnyoosha viungo kwa samli. Mikono yake ilikuwa mizito na ulimi wake mkali. Mume aliyechungulia chumbani kabla ya wakati alitimuliwa kama kuku. Lakini mzazi mwenyewe akisema neno lolote, hata la kichaa, Bi Stara hakumkatalia. Mzazi akisema ukuta unapumua, Bi Stara huuliza unapumua upande gani, kisha huhamisha kitanda.

Wenzake walimcheka. Yeye aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Yaliyompata kwa mtoto wake wa kwanza alimsimulia binti yake mmoja tu, tena akiwa karibu kufa, na huyo binti naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, muda mfupi baada ya garimoshi kufika Dodoma. Mume wake, Seleman, alikuwa mpishi wa Mdachi mmoja mpima njia. Reli iliposogea magharibi, mpishi na masufuria yake walisogea nayo, na mke mwenye mimba ya miezi minane akaachwa nyuma na shangazi wa mumewe. Wanaume wana namna yao ya kuwa na kazi za lazima siku kama zile. Shangazi huyo ni Bibi Jaha, mjane aliyetoka Mpwapwa na misafara ya pembe akiwa msichana, akafika nyanda hizi, akachoka kutembea, akabaki.

Walikaa kwenye tembe kama wenyeji wote wa pale: kuta za udongo, paa bapa la udongo, mlango mmoja wa mbao. Ndani kulikuwa na giza hata jua likiwa utosini. Humo ndimo Stara alimozaa mtoto wa kiume, kwa shida kubwa, na mtoto akatoka akilia kwa sauti ya kukwaruza iliyowafikia majirani.

"Huyu atakuwa muadhini," Bibi Jaha alisema.

Baada ya hapo akatoa masharti. Mzazi asishike maji ya baridi. Mzazi asitoke jua likiwa kali. Mtoto asiachwe peke yake, na ikibidi aachwe, kisu kiwekwe kichwani pake, maana wale wa upepo hubadili watoto, na huogopa chuma. "Mwanamke akishazaa kaburi lake liko wazi mpaka arobaini ipite," alimwambia huku akimkandamiza tumbo kwa kitambaa kilichofuka mvuke, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Na la mtoto liko hapo hapo pembeni."

Kitovu kilikuwa hakijadondoka siku ile Bibi Jaha alipokwenda madukani kutafuta mchele wa akika. Mbuzi wa akika alikuwa amefungwa uani. Adhuhuri, hewa imetulia kabisa, Stara akasikia mbuzi anakoroma. Akachungulia: mnyama amejizungushia kamba shingoni, ulimi nje. Hakufikiri mara mbili. Alikichukua kile kisu kichwani pa mtoto, akatoka huku ameiachanisha miguu kwa maumivu, akaikata kamba.

Alipoinua macho aliona kisulisuli kinakuja kutoka upande wa uwanda. Visulisuli vya kiangazi Dodoma si ajabu. Huzuka mchana, huzunguka na majani na vumbi, hufa. Hiki kilikuja kimesimama wima, polepole, kikapita kando ya mbuzi bila kumgusa, kikaingia mlangoni. Stara alisimama pale na kisu mkononi akingoja kitoke. Hakikutoka.

Ndani vumbi jekundu lilikuwa linaning'inia hewani. Mtoto alikuwa amelala chali, kimya, macho wazi. Alimtazama mama yake kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba asiyemjua. Papo hapo Stara akajua kwamba yule si mwanawe.

Bibi Jaha aliporudi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kisu kilikuwa wapi?" aliuliza.

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Stara.

Hapo Bibi Jaha akafanya kosa ambalo kila mtu hulifanya: akabishana. Akamwonyesha pua ya Seleman usoni pa mtoto. Akamwonyesha doa la wanja alilompaka mwenyewe asubuhi. Stara aliitikia kila kitu kwa kichwa na hakuamini hata kimoja. Mwanawe alikuwa akilia. Huyu halii. Mwanawe alinyonya kwa fujo, akikwaruza. Huyu alinyonya kwa adabu, kidogo, akiutazama mlango, kama mtu aliyeambiwa atafuatwa.

Akika ilifanyika. Salamu za Seleman zilifika na jina: Mustapha. Stara hakulitamka. Alisema "huyo". Akaacha kula, na usingizi ukamhama. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, homa ikapanda, na hata hivyo alimnyonyesha mtoto pale tu alipoamriwa. Mtoto akaanza kusinyaa. Hakulia kwa hilo pia. Alitazama tu.

Siku moja Bibi Jaha alitoka nyuma ya nyumba kufua nepi, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Alizifuata nyayo mbio, naye hakuwa na umri wa kukimbia. Alimkuta Stara mbali uwandani, kwenye ardhi tupu penye kichuguu, jua linawaka, visulisuli viwili vitatu vinazunguka kwa mbali. Mtoto alikuwa ameshalazwa chini bila nguo. Stara amesimama hatua chache nyuma yake, amegeuza uso.

"Waje wamchukue wao," alisema. "Waniletee wangu."

Wengine wangemnyakua mtoto na kumzaba mama kofi. Bibi Jaha alikaa chini. Alijifuta jasho kwa upindo wa kaniki, akahema mpaka pumzi ikamrudi. Muda wote huo mkono wake mmoja ulimkinga mtoto uso na jua.

"Haya," alisema. "Si wako. Nimekubali."

Stara akageuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo.

"Si wako, ni mtoto wa watu. Basi ni amana, mwanangu. Na aliyekuachia amana hii anacho chako mkononi. Unadhani hakuoni? Ukimnyima huyu, kule na wako ananyimwa. Ukimlaza huyu juani, na wako sasa hivi yuko juani."

Mpaka leo sijui kama Bibi Jaha aliyaamini maneno yake au aliyatunga akiwa amekaa pale kwenye vumbi. Binti wa Stara naye hakujua. Ila yalifanya kazi. Stara alipiga ukelele mmoja, akajitupa chini, akamkumbatia yule mtoto, akampa titi palepale jua likimchoma mgongo. Machozi yalimdondokea mtoto usoni. Alimlilia mwingine, lakini aliyelowana ni huyu.

Tangu siku ile hakukuwa na mtoto aliyelelewa kama yule. Stara alikula uji mpaka tumbo likamuuma, ili maziwa yatoke. Alikubali kukandwa bila kugumia. Kitambaa kikigusa ngozi ya mtoto kwa ukali kidogo alikibadilisha, kwa sababu kuna mahali ngozi nyingine ilikuwa inakwaruzwa. Akimwogesha, alipima maji kwa kiwiko mara mbili. Akimfunika, aliwaza kuna mwingine anayefunikwa. Homa ikashuka. Usingizi ukarudi, kwanza wa kuibia, baadaye wa kweli.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomtisha. Baadhi ya asubuhi, nyayo za mtoto zilikuwa na vumbi jekundu. Mtoto ambaye hajawekwa chini tena tangu siku ile ya uwandani, aliyelala kati yake na ukuta, alikuwa na nyayo za vumbi kama mtu aliyetoka safari. Bibi Jaha aliona pia. Alichukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akazifuta.

Mtoto akanenepa. Mashavu yakajaa, mikono ikafanya mikunjo. Akaacha kuutazama mlango, akaanza kumtazama Stara. Siku moja akatabasamu. Stara alitabasamu pia kabla hajajizuia, halafu akashtuka, akajaribu kuukumbuka uso wa yule mwingine, wa kwake. Haukuja. Alikaa kitandani akiutafuta uso ule mchana mzima na aliona aibu iliyomuumiza kuliko uchungu wa kuzaa.

Arobaini ilipokaribia, Bibi Jaha alimwona amepona vya kutosha kuachwa peke yake. Akajitwika mtungi, akaenda kisimani. Kilikuwa ni kiangazi cha kukata na shoka, na foleni ya maji ilikuwa ndefu.

Adhuhuri mtu akapiga hodi.

"Karibu," Stara alisema, maana ulimi hujibu hodi wenyewe. Akaenda mlangoni na mtoto mkononi.

Mlangoni palisimama mwanamke wa rika lake. Wala hakuwa wa kutisha. Amevaa kaniki, amefunga mkaja tumboni, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini. Alisimama kama mzazi anavyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala usiku. Jua lilikuwa utosini na hata nguzo ya uani haikuwa na kivuli, hivyo kivuli hakingeweza kuonyesha kama ni mtu au ni wa upepo. Kifuani alibeba mtoto aliyefunikwa.

"Habari za uzazi?" mwanamke aliuliza.

"Nzuri. Za kwako?"

"Tunashukuru, mwenzangu. Wako ni mzito huyu, mikono imeniuma njia nzima." Alimpandisha begani. "Nimemlea kama ulivyomlea wangu. Zile siku ulizomnyima, na mimi nilimnyima. Ulipomshibisha, nikamshibisha. Hatudaiani. Sasa nipe wangu, kila mtu ashike njia yake."

Yule aliyefunikwa akaamka, akalia. Ilikuwa sauti ya kukwaruza. Stara aliisikia ikipita masikioni ikamshuka hadi kifuani, na maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, matiti yote mawili, yakalowanisha nguo hadi kwenye mkaja. Hakuhitaji kufunuliwa uso. Mwili wake ulikuwa umeshamjua mtoto wake.

Alitazama chini. Mtoto wa watu alikuwa ameuficha uso kwapani mwake, na vidole vyake vimeushika ukingo wa mkaja. Hakuwa amelia tangu alipofika katika nyumba ile, na sasa pia hakulia. Alishika tu.

Stara aliujua ukweli wote. Alijua nani ni nani, na haki iko kwa nani. Yule mwanamke alikuwa ametimiza upande wake, na alikuwa amechoka.

"Umepotea nyumba, mwenzangu," alisema. "Hapa hakuna mtoto wako. Huyu ni Mustapha, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile.

Mwanamke hakufoka. Aliliteremsha lile furushi kutoka begani, akalisogeza mbele kidogo.

"Na huyu?" aliuliza.

Stara akafunga mlango na kutia komeo. Akaketi chini, mgongo kwenye mbao, akauhisi ule mlio ukitetemesha mlango, karibu, upande wa pili wa mbao zenye unene wa kiganja. Hakuna aliyegonga. Mlio tu.

Bibi Jaha alifika akaukuta mlango umefungwa. "Stara! Mwanangu! Fungua, kuna nini?"

Stara alipofungua, uani hakukuwa na mtu mwingine. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamepita kwenda kunywa maji, na ardhi yote mbele ya nyumba ilikuwa imevurugwa kwa kwato. Bibi Jaha aliutua mtungi. Alimtazama Stara usoni, akatazama nguo zilizoloa maziwa, akatazama uwanda.

"Alikuja?" aliuliza taratibu.

Stara akaitikia kwa kichwa.

Bibi Jaha alikwenda kuchochea moto.

Stara yeye bado alikuwa anasikia. Mlio ulikuwa unakwenda magharibi, kule reli ilikokwenda, unapungua kidogo kidogo, wa mtoto mwenye njaa. Alisubiri mikono yake imwachie huyu ili miguu imfuate yule. Mikono haikuachia. Akakaa kitandani akaingiza titi kinywani mwa Mustapha, na mtoto alipotaka kuliacha kwa kuwa ameshiba, alimrudisha, akamshika kisogo kwa upole, sikio lake mwenyewe likiwa bado mlangoni, likingoja kule nako mlio unyamaze.

"Nyonya, baba," alimwambia. "Nyonya sana. Usiache."