Kidonda cha Tumbo cha Hajja Tafida

Inshirah alizaliwa na hasira, na hajawahi kuziombea radhi. Ukimwambia hasira hasara, anakujibu kwamba hasara ameshazizoea. Alipotaka kusomea uuguzi, mjomba wake alifoka kuwa binti wa watu hageuzwi mtumishi wa wanaume wasiomhusu. Akasoma vivyo hivyo. Mchumba alipomwambia achague zamu za usiku au ndoa, alimrudishia pete yake ndani ya mfuko wa karanga. Miaka mingi akazunguka na dripu katika wodi ya saratani hapa Asyut, jioni akisoma, mpaka akawa mratibu wa utafiti. Kazi yake ilikuwa kukaa na mgonjwa, kumweleza dawa mpya inayojaribiwa, faida yake na hatari yake, na kumwuliza kama anakubali. Mgonjwa mwenyewe, si jamaa zake.

Sasa huku kwetu saratani haitajwi. Huitwa "ule ubaya", na mtu wa mwisho kuambiwa ni yule aliye nayo. Watoto humkimbilia daktari kabla mzazi hajavua viatu: dakta, tafadhali, usimwambie. Daktari naye hukubali upesi, kwa sababu uongo humpunguzia maneno. Wangapi Inshirah aliwageuza kitandani na kuwaosha, wakafa wakingoja kupona vidonda vya tumbo! Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hajja Tafida aliletwa na mwanawe mkubwa, Rifaat, muuza vigae. Dakta Muhyi, mkuu wa utafiti, alimtaka sana mama huyu aingie katika majaribio ya dawa. Wagonjwa walikuwa wamempungukia, na wakubwa wa Kairo walikuwa wakimpigia simu. Rifaat akamvuta Inshirah pembeni ukumbini, akimwita hakima, kama tuwaitavyo wauguzi huku kwetu.

"Hakima, Mungu akuweke. Mama anajua ana kidonda cha tumbo. Nipe mimi hiyo karatasi nitie sahihi, tuyamalize."

"Kwani dawa utameza wewe?"

"Astaghfirullah! Mimi si mwanawe?"

"Nimekuuliza nani atameza."

"Ukimwambia atakufa kwa hofu, na damu yake itakuwa shingoni mwako!"

Dakta Muhyi akatokea. "Inshirah, usinifanyie ukaidi wa kwenu. Mwana kakubali, inatosha."

"Haitoshi, dakta. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kuwa haitoshi."

"Basi kesho rudi wodini ukachome sindano."

"Sindano naziweza," akasema, akaenda kwa mgonjwa.

Hajja Tafida alikuwa ameketi kitandani, miguu kaikunja, akimsimulia mgonjwa wa jirani habari za harusi ya bintiye Karima. Ameiahirisha mara mbili, alisema, mpaka tumbo lipone, kwa kuwa ameapa atacheza mwenyewe mbele ya bi harusi. Inshirah aliyasikia yote. Binti wa watu amewekwa nyumbani angojee kupona kusikokuwepo, na nyumba nzima inajua isipokuwa mama! Akavuta kiti.

"Hajja, wewe unapenda kujua mambo yako, au wanao wakujulie?"

"Nimezika mume, nimelea saba. Nani anijulie?"

"Basi si kidonda. Ni saratani, na imeshasambaa."

Mlangoni, alikosimama na Dakta Muhyi, Rifaat akajipiga paji la uso. Mkono wa mama yake ulipapasa ukingo wa shuka, ukaupata, ukaukamata. Aliogopa, nani asingeogopa? Inshirah akauweka mkono wake juu ya ule mkono na kungoja.

"Na hiyo dawa yenu," Hajja akauliza mwishowe, "itanifikisha harusini?"

"Sijui. Hata dakta hajui, ndiyo maana inajaribiwa. Na mwanzoni inaweza kukulaza chali."

"Wewe ndiye wa kwanza humu kuniambia hujui." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Harusi kwanza."

"Utafiti haungoji, Hajja," Dakta Muhyi akasema.

"Usingoje."

Rifaat akapiga magoti, analia. "Mama, tulikuhurumia tu!"

"Mlinihurumia! Dada yako anangoja, mimi naahirisha, na wewe unanitazama machoni huku unajua! Kondoo wa Idi naye hufichwa kisu, Rifaat. Tena hulishwa vizuri. Mimi ni kondoo wako?" Akashusha miguu, akitafuta viatu. "Mpigie Karima. Mwambie ni Alhamisi hii."

Kesho yake Inshirah alikuwa wodini na sindano zake, kama alivyoahidiwa. Mabinti wawili wakamwahi mlangoni mwa chumba cha baba yao, vidole midomoni, wakimkonyeza kwa macho mekundu. Aliwahurumia, na hasira zikampanda vilevile. Akapita katikati yao, akaketi karibu na mzee, akamwuliza kama anapenda kujua.