Viwavi wa Mama Mkwe

Nikipita soko la Kamukuywa siku hizi huvuta kofia hadi kwenye nyusi, na kwa kuwa mmekuwa mkinicheka bila kujua chanzo, leo wacheni niwaambie.

Tulikuwa tumetoka Kitale, mimi na mke wangu Nekesa, kuwasalimia wakwe. Kabichi za mama mkwe, ambazo ndizo riziki yake, zilikuwa zimetobolewa kama chujio, na kwa vile kwetu Wabukusu mwanamume hamsogelei mama mkwe wala kumpa mkono (nimeuliza sababu mara nyingi, hakuna aliyenijibu nikaridhika), habari zilinifikia kupitia Nekesa: mama amepuliza dawa, amerudia, viwavi bado wanakula. Mimi nisiyeamini hata utabiri wa mvua nikaamua papo hapo kwamba dawa ni feki, nikajaza viwavi kwenye mkebe, nikaenda kumwaibisha muuza dawa siku ya soko.

"Mzee, hii dawa yako wanakunywa kama chai."

"Kijana, hata mimi napulizia zangu hiyo hiyo," akasema polepole.

"Basi tupime hapa."

Watu wakajaa. Nikapuliza, viwavi wangu wakaendelea kutembea, na umati ukaanza kumzomea mzee wa watu. Hapo ndipo masomo yaliponiponza, maana najua jaribio bila kulinganisha si jaribio, nikaomba viwavi wengine kutoka bustani ya mtu mwingine nyuma ya duka, ambayo haijawahi kupulizwa dawa. Nikawapuliza dawa ile ile. Wakajikunja, hawakuinuka tena.

Nikaona haya, nikataka kumsafishia mzee jina upesi.

"Jamani, dawa ni nzuri," nikatangaza. "Ni viwavi wa mama mkwe ndio wameizoea. Lazima amepuliza hiyo moja kila msimu, dhaifu wakafa, sugu wakawa nondo, wakazaana."

"Mama mkwe wako ni nani?" akauliza mama mmoja mwenye kabichi kwapani.

Nikamtaja, tena kwa fahari kidogo.

Mama yule akaitazama kabichi yake, kisha akamtazama aliyemuuzia, aliyeketi na gunia lake hatua chache nyuma yangu (nimezoea kutomtazama mama mkwe, kwa hiyo sikuwa nimemwona).

"Ati hii imekunywa dawa yote hiyo? Shika yako, bana."

Wengine wakafuata. Mama mkwe akavuta leso usoni, nami sikuweza hata kumkaribia kumwomba msamaha. Nekesa akawa anaenda na kurudi kati yetu, akibeba maneno yangu, hadi akaniletea jibu.

"Mama anasema ubebe gunia."

Tulikula kabichi Kitale mpaka harufu yake ikaingia kwenye mapazia. Mama amebadilisha dawa na amerudi sokoni, ingawa wapo wateja ambao bado hunusa kwanza. Juzi Nekesa alikata simu akanigeukia.

"Mama anauliza, wewe wa kuuliza kila kitu, mbona yeye hukumuuliza? Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kupuliza. Miche alipewa na jirani, na jirani ndiye hupuliza dawa hiyo moja miaka yote. Viwavi walikuja na miche."

Nimeapa sitafungua mkebe mbele ya watu tena kabla sijauliza nyumbani, hata kama ni kupitia mlango uliofungwa.