Kiganja cha Mama

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba mama alijua ninaumwa, akanipuuza. Niliamini hivyo hadi majuzi, kwenye zahanati moja huko Mkata, muuguzi alipowapima mama mmoja na mwanawe. Wote wawili walikuwa na homa kali ileile, na yule mama alikuwa ameapa kwamba mtoto hana joto.

Mchana ule wa utotoni mwangu, shamba letu lilinuka magugu yaliyotoka kukatwa. Nilikuwa natetemeka juani. Mama aliweka jembe chini, akanigusa paji la uso.

"Mbona huna joto? Homa ya palizi hiyo, baba. Ugali ukiiva utapona."

Kiganja chake sikukihisi kuwa cha moto wala cha baridi. Nililima huku nalia kwa hasira. Baadaye alipoketi ghafla katikati ya mahindi, nilimcheka.

"Na wewe una homa ya palizi?"

Alijilaza palepale chini. Majirani walitupakia kwenye pikipiki. Mimi nilitibiwa malaria nikapona. Yeye alifia njiani.

Nimejisomea mwenyewe kitabuni kwamba joto huhama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kilichopoa, na vikilingana, mkono hauna cha kuhisi. Mama alikuwa anaungua kama mimi. Nimeurudia ukurasa ule mara nyingi mno, nikitafuta namna ambavyo mtoto angeweza kujua.

Siku hizi mtu wa nyumbani akisema anaumwa, namwamini kabla sijamgusa.