Mjamzito wa Seva ya Majaribio

Ukitaka kucheka, cheka kabisa umalize, maana jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Karatu mjini, nikiwa macho na sijaonja hata bia.

Hospitali moja ilitupa kazi, mimi na mwenzangu Tluway: kutengeneza programu ya kuita gari la wagonjwa. Gari lenyewe ni moja, vijiji ni vingi. Likienda pasipo na mgonjwa, mwenye uchungu kwingine anaweza kufa. Kwa hiyo tulikuwa na seva tatu: ya kuandikia programu, ya kuijaribia, na ya kazi yenyewe, inayoita gari la kweli. Kwenye majaribio tulijaza wagonjwa wa kutunga. Hao hawavuki kwenda seva ya kazi, katu, na hakuna kinachovuka bila kibali changu na cha Tluway.

Jioni ya kuvusha programu kwenda seva ya kazi, ukungu ulishuka mpaka duka la jirani halionekani. Tluway alikuwa ametoka kutafuta chai. Nikasikia hodi.

Akaingia mwanamke mjamzito, amejitanda shuka. Nje tope jekundu lilikuwa linafika vifundoni, lakini miguu yake ilikuwa safi kabisa.

"Karibu dada, kaa," nikamwambia.

"Mimi ni Paskalina wa Qurus."

Jamani! Jina hilo nililitunga mimi. Mgonjwa wangu wa majaribio! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilitaka kukimbia, lakini mlangoni alisimama yeye.

"Kila siku unanitia uchungu," akasema, "gari likifika unanirudisha mwanzo. Hata ndugu hukuniandikia. Nivushe leo, dada, nikajifungue kwa watu wa kweli."

Nilimwonea huruma, niamini. Kumchomeka kati ya vinavyovuka ilikuwa kazi ndogo tu, na Tluway angetoa kibali bila kukagua, ananiamini mno. Lakini akivuka, gari litamfuata kijijini Qurus, na huko hakuna hata nyumba yake.

"Sikuvushi," nikasema. "Ila kujifungua, utajifungua."

Nikafungua seva ya majaribio. Nikamwandikia mume, mama mkwe, na wadogo zake wa kumpikia uji. Kisha nikaandika: amejifungua salama, mtoto wa kike. Papo hapo kichanga kikalia humo humo ofisini, kilio cha nguvu! Nilipoinua kichwa, hakukuwa na mtu.

Tluway akarudi na chupa ya chai. Nikamlazimisha tukague kila kitu, ndipo tukatoa vibali. Programu ikavuka safi, bila mgonjwa wa kutunga hata mmoja. Chai haijapoa, wito wa kweli ukaingia: mama wa kijiji cha Kansay, uchungu umekaza. Gari likaondoka palepale. Akajifungulia hospitali, mapacha, wote wazima! Nilipiga vigelegele mpaka mwenye duka akaja kuuliza nani anaolewa.

Tangu hapo tukifuta seva ya majaribio, wagonjwa wote wanafutika isipokuwa Paskalina na mwanawe. Umri wa mtoto unaongezeka wenyewe. Sasa ameanza chekechea. Tluway, aliyenicheka nilipomsimulia, siku hizi anawasalimia kabla ya kuanza kazi.

Nawe unayetengeneza programu, shika neno langu: wa majaribio abaki kwenye majaribio, hata akikulilia mlangoni. Kuna mama wa kweli, mahali fulani kwenye tope, anasubiri gari hilohilo.