Namba Sita wa Korbesa

Vumbi la uwanja wetu wa Wabera lilinuka mbuzi. Asubuhi mifugo iliyopelekwa sokoni ilikatiza katikati ya magoli, na jioni sisi wasichana tulicheza juu ya samadi iliyokauka, upepo ukitupulizia yote usoni. Tulicheza vibaya lakini kwa raha. Mpira ukienda kona, timu nzima kona, hadi kipa! Mimi, binti wa mwenye duka, nilikuwa mshambuliaji, namba tisa, na jamani, nilijiona.

Mwaka mmoja Mwalimu Ekai, kocha wetu, alichoka nasi. Akapanga vifuniko vya soda mchangani: mabeki wanne nyuma, viungo wawili katikati, winga wawili pembeni na mimi mbele. Hatua chache mbele ya mabeki akamweka Qabale, msichana mtulivu kutoka Korbesa aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mtaani kwetu apate kusoma. Akamwambia, "Wewe ni namba sita. Ukipata mpira, mpe mwenzako, usikimbie nao." Tulimhurumia. Kazi gani hiyo ya kutofunga hata goli moja? Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tangu hapo tukaanza kushinda. Beki wa kulia akipanda, Qabale alishuka kuziba pengo. Winga wa wapinzani akitimua mbio, yeye hakumfukuza. Alikwenda kusimama pale pasi itakapofika, na kweli ikamfikia, utadhani ameiita. Nilikuwa nikigeuka kumtazama hadi nasahau kukimbia. Ajabu ile bado ninayo.

Wiki ya fainali ya kata, baba yake akaja na lori la mifugo. Ukame ulikuwa umekaza, mikono ilihitajika nyumbani, na alitaka Qabale aache shule warudi wote. Qabale hakubisha. Alimwomba tu, "Abba, tazama mechi moja kwanza." Mzee akafika uwanjani, akamsalimu Mwalimu salaam aleikum, akasimama na fimbo begani, uso ameukunja. Nilicheza nikitupa jicho barabarani, maana nilijua lori linangoja. Tulishinda kwa bao moja, nalo nililifunga mimi. Watu wakanibeba juujuu. Chanda chema huvikwa pete, bwana! Waliponishusha nikakimbilia kwa Qabale, nikamkuta baba yake akimuuliza Mwalimu, "Huyu mtoto yangu, nani aliweka yeye pale?"

"Ni mimi, mzee."

Nikafumba macho. Mzee akasema polepole, "Kwetu kisima ni refu. Watu wanasimama moja juu ya mwingine, wanapeana ndoo mpaka huko juu. Ile mtu ya chini kabisa iko ndani ya matope. Ng'ombe ikikunywa, yeye haioni. Lakini yeye akitoka, wote wanasimama bure." Akamgeukia binti yake. "Mtu ya chini haitolewi kama maji bado inapanda. Baki, soma. Huko nyumbani nitatafuta mtu." Kisha akapanda lori peke yake. Qabale alilia kwa sauti, nami nikalia naye. Sikuwahi kumwona mtu mzima akibadili neno lake mbele ya watoto, tena kwa ajili ya mpira.

Siku hizi uwanja umezungushiwa ua na mbuzi hawapiti tena. Kwenye runinga wachambuzi huchora mishale na miviringo, wakaeleza kwa saa nzima jambo ambalo mzee yule aliliona mara moja akiwa amesimama juani. Watoto wanayajua maneno yote ya mfumo, ila kila mmoja bado anataka kufunga yeye. Qabale ndiye kocha wao. Jumamosi iliyopita binti yangu alirudi nyumbani amevimba macho. "Mama, Kocha amenitoa namba tisa! Ameniweka namba sita!" Nikaketi kwenye ngazi ya duka. Nilitaka kumsimulia yote, kisima, lori na fimbo ya mzee, lakini nikamvuta karibu, nikamfuta machozi kwanza.

"Nyamaza, mama," nilimwambia. "Amekupa nafasi yake."